Kabla ya Kumwiga Mbawakawa: Hotuba kuhusu Maji, Viumbe na Jiji la Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, walimu mliokaa mstari wa mbele, wahandisi na wasanifu wa majengo, na ninyi wanafunzi mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna mimea na wanyama wanavyoyapata maji, wanavyoyatunza na wanavyoyatumia, na juu ya vifaa na majengo ambayo watu wameyabuni kwa kuwatazama viumbe hao. Kila mhadhara wa mada hii niliowahi kuusikiliza ulianza na mbawakawa wa Jangwa la Namib. Nami sitavunja desturi, ila nitamtaja kwa kusudi la kuonyesha kwamba huyu hatatufaa sisi wa Dar es Salaam, na kwamba sababu za kutotufaa kwake zina faida kuliko sifa zake.

Namib iko kusini-magharibi mwa Afrika, kando ya bahari inayopozwa na mkondo baridi wa Benguela. Mvua ya pwani ile ni haba mno, lakini hewa ya baharini inapopita juu ya maji hayo baridi hugeuka ukungu, na ukungu huo husukumwa na upepo makumi ya kilomita ndani ya jangwa. Mwaka 1976 watafiti William Hamilton na Mary Seely walieleza jinsi mbawakawa aitwaye Onymacris unguicularis anavyopanda juu ya tuta la mchanga wakati wa ukungu, akainamisha kichwa na kuinua sehemu ya nyuma, hadi matone yanapotunga mgongoni na kuteremka mdomoni. Wapo waliokunywa kiasi cha theluthi moja ya uzito wao kwa asubuhi moja. Mwaka 2001 Andrew Parker na Chris Lawrence wakaeleza mgongo wa mbawakawa wa jangwa hilo wenye vinundu vinavyovuta maji, vilivyozungukwa na mabonde yenye nta yanayoyafukuza, na tangu hapo maabara nyingi duniani zimetengeneza nyuso za namna hiyo kwa ajili ya kukusanya maji kutoka hewani.

Kisa hakikuishia hapo, ingawa wengi hukiishia hapo. Mwaka 2010 Thomas Nørgaard na Marie Dacke waliwaweka mbawakawa wa aina nne katika ukungu uliotengenezwa, wakaona kwamba aliyeinama kweli kuunywa ni yule Onymacris, ambaye hana vile vinundu, na kwamba tofauti za migongo yao hazikubadilisha sana kiasi cha maji kilichokusanywa. Nyuso za maabara zilizoiga vinundu hufanya kazi, sikatai. Fizikia yake ni sahihi. Lakini mdudu mwenyewe alikuwa akitegemea mambo mawili ambayo hayawezi kuchapishwa juu ya karatasi ya plastiki, nayo ni mkao wake na mahali anapoishi.

Sasa turudi kwetu. Bahari yetu ni ya joto, na hatuna mkondo baridi wa kutuletea ukungu Kariakoo. Tulicho nacho ni unyevu usioonekana, ule unaofanya shati lishikane na mgongo kabla hujafika kituo cha daladala. Hewa ya nyuzi 30 iliyojaa mvuke hubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na hewa yetu ya kawaida hubeba sehemu kubwa ya kiasi hicho. Maji kweli yapo angani. Tofauti ni kwamba ukungu ni maji yaliyokwisha kuwa matone, yanangoja tu kunaswa, ilhali mvuke ni lazima upozwe kwanza ndipo uwe tone, na upozaji huo una bei. Ili lita moja ya mvuke igeuke maji, ni lazima uondoe joto linalokaribia theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Kiyoyozi kizuri huhamisha takriban uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme kinachoutumia, kwa hiyo lita 1,000 zitakugharimu uniti zaidi ya 200 hata ukiwa na mashine nzuri. Mitambo ya kisasa ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari hutoa lita hizo hizo 1,000 kwa uniti 3 au 4. Mtu akija ofisini kwako na mashine ya kukamua maji kutoka hewani, akakuonyesha na picha ya mbawakawa, mwulize tu juu ya umeme wa LUKU.

Kuna hali moja ambapo hesabu hiyo hugeuka. Viyoyozi vya mjini vinafanya kazi mchana kutwa kwa sababu nyingine kabisa, na maji yanayodondoka kutoka katika mirija yao yamekwisha kulipiwa. Leo tunayaacha yatiririke ukutani yakaotesha kuvu na kuwalowesha wapita njia. Si ya kunywa, kwa kuwa hupita juu ya koili yenye vumbi, lakini yanafaa kwa kudekia, kwa vyoo na kwa miti ya uani. Jengo la ghorofa kumi lenye bomba moja la kuyakusanya halihitaji teknolojia yoyote mpya.

Na kama ni mbawakawa wa kwetu mnayemtafuta, yuko milimani. Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini ambako sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hili hutoka, unaanzia katika Milima ya Uluguru. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko ile, hupoa kwa kupanda kwake bila kutozwa uniti hata moja, na hugeuka wingu linalopita katikati ya miti. Majani na kuvumwani inayoota shinani huyachana mawingu hayo, na matone huanguka ardhini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Nyavu za ukungu zilizowekwa kijijini Chungungo, nchini Chile, zilifanya kazi hiyo hiyo kwa nyuzi za plastiki. Sisi tunao msitu mzima wa namna hiyo, na anayekata miti juu ya ukingo wa Uluguru anakata wavu wetu. Mwishoni mwa 2022, Ruvu ulipopungua kwa ukame na mgao wa maji ukatangazwa jijini, wengi tulitazama mabomba. Wachache walitazama milima.

Niruhusuni sasa niwataje wanyama wawili ambao hawatafuti maji mapya, kwa maana ustadi wao ni kutoyapoteza yale waliyo nayo. Wa kwanza ni digidigi, yule paa mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga mfupi, anayeishi katika nyika zetu kavu na ambaye anaweza kukaa muda mrefu bila kunywa, akitegemea maji ya majani anayokula. Hewa kavu anayoivuta hupita juu ya utando wenye unyevu ndani ya pua na kuupoza; hewa yenye mvuke anapoitoa hupita juu ya utando ule ule uliopoa, na sehemu ya mvuke huganda kuwa maji kabla haijatoka nje. Ngamia hufanya vivyo hivyo, na katika miaka ya 1980 kundi la Knut Schmidt-Nielsen lilionyesha kwamba usiku pua ya ngamia mwenye kiu hunyonya hata sehemu ya mvuke ambayo ubaridi peke yake usingeinasa. Uingereza yupo mbunifu, Charlie Paton, aliyejenga vitalu vya mimea vinavyofuata kanuni ya namna hiyo: hewa ya jangwa hupitishwa kwanza katika kuta zilizoloweshwa kwa maji ya bahari, ikapoa na kubeba mvuke, mimea ikafaidi ubaridi huo, kisha mvuke ukagandishwa kuwa maji yasiyo na chumvi. Kitalu cha kwanza kilijengwa Tenerife mwaka 1992, na kimojawapo cha baadaye kilijengwa Somaliland karibu na Berbera. Angalieni mahali palipochaguliwa: pwani, lakini pwani kavu. Hewa ya Dar es Salaam, iliyokwisha kushiba mvuke, isingepoa sana kwa kupita ukutani.

Wa pili ni sisi wenyewe. Figo za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku, yaani ndoo kubwa tisa, ilhali mkojo ni lita moja na nusu hivi. Zilizobaki zote hurudishwa mwilini, sehemu kubwa kwa kupitia vijitundu vya protini vinavyoitwa akwaporini, ambavyo huruhusu molekuli za maji zipite moja nyuma ya nyingine na kuzuia chumvi. Peter Agre wa Marekani alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003 kwa kuvigundua, na kampuni moja nchini Denmark imetengeneza chujio zenye protini hizo. Mimi huwa nawaza, ninaposikia habari hizo, juu ya nyumba za Manzese na Tandale. Maji ya kusuuzia nguo hayamwagwi. Yanadekia sakafu, na yaliyodekia yanakwenda chooni. Mama anayesimamia ndoo hizo tatu anaendesha figo, bila bomba na bila mchoro, nasi wasanifu tunakuja kumjengea nyumba ambayo sinki, bafu na choo vyote vinamwaga katika shimo moja. Tumempa nyumba ya gharama kubwa na kumnyang'anya figo yake.

Naomba nikae zaidi kwa mikoko, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu. Ukisimama karibu na Daraja la Salenda wakati maji yamekupwa, au ukienda Kunduchi na Mbweni, utaona miti iliyozama miguu katika maji ambayo yangeua mwembe kwa siku chache. Kwa nini haifi? Maji ya bahari, kwa sababu ya chumvi yake, hung'ang'ania maji yake kwa nguvu ya osmosisi inayofikia takriban mara 25 ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Mti unaotaka kunywa humo ni lazima uvute kwa nguvu inayozidi hiyo. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walilikata tawi la mkoko, wakaliweka ndani ya chombo cha chuma na kuongeza shinikizo hadi utomvu ulipojitokeza kwenye kidonda, na hivyo wakapima mvuto uliokuwamo mtini. Ilikuwa mara 35 hadi 60 ya shinikizo la hewa. Mvuto huo hauna pampu. Jua hukausha maji juu ya jani, maji yaliyobaki katika vijia vyembamba vya ukuta wa seli hujivuta kufidia pengo, na kwa kuwa molekuli za maji hushikana, mvuto huo husafiri kama kamba iliyokazwa kutoka jani hadi mzizi.

Mzizini ndiko kuliko na chujio. Mwaka 2016 watafiti wa Korea Kusini waliochunguza mkoko wa jamii ya Rhizophora, ndugu wa mkoko wetu, walieleza kwamba karibu asilimia 90 ya sodiamu huzuiwa katika tabaka la nje la mzizi, na wakajaribu kutengeneza utando wa kuiga tabaka hilo. Mchu, aina nyingine ya mikoko, nao huzuia chumvi nyingi mizizini, lakini ile inayopenya huipandisha hadi majanini na kuitoa nje kwa tezi ndogo, ndiyo maana majani yake humetameta chembe nyeupe siku ya jua kali.

Mhandisi wa mitambo ya kuondoa chumvi akiitazama hesabu hii atagutuka, kwa sababu mitambo yake pia husukuma maji ya bahari dhidi ya utando kwa shinikizo la mara 55 hadi 70 ya hewa. Mkoko na mtambo vinafanya kazi moja kwa nguvu zinazokaribiana. Kinachovitofautisha ni mwendo. Mkoko hunywa polepole, na chumvi inayobaki nje ya mzizi husombwa na maji kujaa na kupwa, mara mbili kila siku. Mtambo hunywa kwa haraka, na hubaki na maji mazito ya chumvi ambayo ni lazima yapelekwe mahali. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Tobias Wheeler na Abraham Stroock walitengeneza mwaka 2008 kile walichokiita mti wa kubuni, kipande cha jeli chenye mifereji myembamba kilichovuta maji kwa kukauka upande mmoja, bila pampu. Ni kitu kidogo sana, wala hakitajaza tangi la mtu. Lakini kinathibitisha kwamba maelezo ya Scholander yanaweza kujengwa.

Mikoko inatuambia jambo jingine kuhusu visima. Kila mwenye kisima karibu na pwani anajua kisa cha maji yaliyoanza matamu, yakaingia ladha, kisha yakawa ya chumvi kabisa hadi hayatoi povu la sabuni. Chini ya ardhi maji matamu huelea juu ya maji ya bahari, na ukivuta kwa pampu mengi kuliko mvua inavyorudishia, bahari inapanda kujaza pengo. Mti hauna uwezo wa kuvuta kwa pupa kiasi hicho. Pampu unayo, na wengi wetu tunainunua kwa kuangalia nguvu yake peke yake.

Mbuyu sasa. Watu husema mbuyu ni tangi, na shina lake kweli lina maji mengi, kiasi kwamba uzito wa mti mbichi ni maji kuliko mbao. Watu wa Kordofan nchini Sudan walikwenda mbali zaidi, wakachonga mashina yaliyo hai na kuyajaza maji ya mvua ya kuwavusha kiangazi. Lakini uchunguzi wa Saharah Moon Chapotin na wenzake kwa mibuyu ya Madagaska, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kwamba mti haunywi akiba hiyo kila siku ya ukame. Hupukutisha majani kwanza, ukakaa uchi miezi mingi, kisha akiba hutumika zaidi kuchipusha majani mapya mvua zinapokaribia; na maji hayo hayo ndiyo yanayolikaza shina laini lisianguke. Mbuyu, kwa maneno mengine, hupunguza matumizi kabla ya kufungua tangi.

Tupige hesabu ya nyumba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka ambayo jiji letu kwa kawaida huipita kidogo, hupokea lita 100,000. Toa moja ya tano kwa yanayoruka na yale ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, zinabaki 80,000. Familia ya watu watano inayotumia lita 200 kwa siku inahitaji 73,000 kwa mwaka. Inatosha! Kwa nini basi tunanunua maji ya boza? Kwa sababu masika humwaga yote Machi hadi Mei, vuli hurudi Oktoba, na kati ya Juni na Septemba kuna siku 122 zinazohitaji lita 24,400 ziwe zimehifadhiwa mahali. Wengi wana tangi la lita 1,000 au 2,000, ambalo hujaa kwa mvua ya usiku mmoja na kumwagika hadi mwisho wa msimu. Mwenye pesa atanunua matangi zaidi. Asiyekuwa nazo anaweza kupukutisha majani: choo na usafi vikipewa maji ya pili, lita 200 zikashuka hadi 100, tangi linalohitajika limekuwa nusu.

Na yale yanayomwagika huenda wapi? Chukueni jani la gimbi, mmwagie maji. Yanaviringika kama zebaki na kuanguka, jani likabaki kavu, kwa sababu ya vinundu vidogo mno vilivyopakwa nta. Wilhelm Barthlott na Christoph Neinhuis walilieleza jambo hilo kwa yungiyungi mwaka 1997, na rangi ya kuta ya kujisafisha ikauzwa Ujerumani kuanzia 1999. Gimbi huyafukuza maji ili jani lipumue na lisiote kuvu, lakini chini ya jani hilo kuna udongo unaoyangojea. Nanasi la Kiwangwa hufanya zaidi, kwa kuwa majani yake ni mifereji inayoelekeza mvua na umande shinani. Jiji letu limechukua nta ya gimbi na kuuacha udongo wake. Hekta moja ya zege na lami, mvua ya milimita 50 ikinyesha, humwaga lita 500,000, na kuanzia vilima vya Pugu hadi baharini zote hukimbilia bonde moja la Msimbazi. Waliokuwa Jangwani wakati wa mafuriko ya Desemba 2011 hawahitaji nimalizie sentensi hii. Mwezi ambao bonde linafurika, mtaa wa juu yake unangoja boza, na maji ni yale yale.

Ndugu Mwenyekiti, naona karatasi ya dakika imeinuliwa. Kwenye meza ya pale mlangoni, kando ya birika la chai, nimeacha sinia lenye majani machache ya mchu niliyoyaokota asubuhi baada ya maji kukupwa. Ni ya kuokota, sikukata tawi, asije mtu wa misitu akanidai kibali. Kabla hamjatia sukari kwenye chai, kila mmoja achukue jani moja na kuliramba.